Maktaba ya Injili kwenye simu: nzuri kwa kusoma, dhaifu kwa kufuatilia mafundisho yaliyobadilika

Maktaba ya Injili, programu ya simu ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, haiuzwi. Haina matangazo, haina ukurasa unaofungwa mpaka ulipie, na ukishapakua vitabu unaendelea kusoma hata stima ikipotea Kondele nzima na mtandao ukaenda nayo. Kwa kuandaa somo la Jumapili ni vigumu kuilalamikia. Tathmini hii inaipima kwa kazi ngumu zaidi. Je, msomaji wa Kisumu, Kakamega au Nakuru mwenye simu ya kawaida anaweza kuitumia kujibu lile swali ambalo Wamormoni, yaani waumini wa Kanisa hili, huulizwa na majirani: kama nabii bado anapokea ufunuo, mbona mafundisho ya jana siyo ya leo?

Huku magharibi mwa Kenya swali lenyewe halimshangazi mtu. Johana Owalo alisema alipata maono 1907, na kanisa la Nomiya likaanzishwa 1914. Zakayo Kivuli akaanzisha African Israel Nineveh 1942, na Legio Maria ikaja katika miaka ya 1960. Mtu wa Nyanza au Vihiga akisikia habari za nabii aliye hai hasemi haiwezekani. Anauliza: huyu wa sasa akisema tofauti na yule wa kwanza, tumfuate nani?

Maandiko ya Wamormoni yana jibu la jumla. Makala ya Imani ya 9, iliyo mwishoni mwa Lulu ya Thamani Kuu, inasema Mungu alifunua, anafunua sasa, na bado atafunua mambo mengi makubwa. Kwa hiyo badiliko lenyewe halivunji imani hii. Lilitarajiwa tangu mwanzo. Ugumu uko kwenye ushahidi. Ukitaka kujua ni nini hasa kilibadilika, lini na kwa idhini ya nani, unahitaji kuona la zamani na jipya kwa pamoja, na programu hii imeundwa kuonyesha jipya tu.

Kuiweka kwenye simu ni rahisi. Ukishaifungua, badilisha lugha iwe Kiswahili, ingia kwenye maandiko, kisha upakue Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano (kitabu cha mafunuo kilichogawanywa katika sehemu) na Lulu ya Thamani Kuu. Pakua maandishi peke yake kwanza. Sauti na video ndizo zinazomaliza bando na kujaza simu ambayo tayari imelemewa na video za WhatsApp. Kisha rudi kwenye lugha, uchague Kiingereza, na upakue Mafundisho na Maagano ya Kiingereza pia. Usiiruke hatua hii hata kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, kwa sababu vichwa vya sehemu na utangulizi hurekebishwa kwa Kiingereza kwanza na lugha nyingine hufuata baadaye. Fungua akaunti ya Kanisa kabla ya kuanza kupiga mistari rangi na kuandika maelezo, maana usipoingia kwenye akaunti, siku simu itakapoharibika kazi yako nayo itapotea.

Baada ya hapo weka alama kwenye vifungu vitatu vya Mafundisho na Maagano, kwa sababu ndivyo kipimo utakachohitaji. Cha kwanza ni sehemu ya 28, ya Septemba 1830. Hiram Page alikuwa na jiwe ambalo alidai linampa mafunuo, na baadhi ya waumini wakaanza kumfuata. Sehemu hiyo inasema ufunuo kwa ajili ya Kanisa zima unapitia kwa mtu mmoja aliyeteuliwa. Cha pili ni 26:2, kwamba mambo yafanyike kwa kauli moja ya waumini. Cha tatu ni 107:27, kwamba uamuzi wa akidi, yaani baraza, inayoongoza uungwe mkono na wote waliomo. Ukiviunganisha unapata utaratibu kamili: nabii anapokea, Urais wa Kwanza (rais wa Kanisa na washauri wake) na Mitume Kumi na Wawili wanakubaliana, waumini wanainua mkono katika mkutano mkuu. Andiko likipita njia hiyo linawafunga wote. Lisipopita, hata kama limehubiriwa kwa miaka 100, lina uzito mdogo kuliko wahubiri wake walivyodhani.

Watetezi wengi wa Kanisa hawatumii kipimo hicho. Wanapenda kusema mafundisho hayabadiliki, kinachobadilika ni sera. Inasikika vizuri darasani, ila ina kasoro moja kubwa: jina la sera hubandikwa baada ya jambo kuachwa. Likiwa bado linashikiliwa, huitwa neno la Bwana.

Fungua Tamko Rasmi 2, mwishoni mwa Mafundisho na Maagano, uone. Ni barua ya tarehe 8 Juni 1978, ya Spencer W. Kimball, rais wa Kanisa wakati huo, na washauri wake wawili, inayosema kwamba kila mwanamume mwaminifu anaweza kupewa ukuhani bila kujali rangi. Ufunuo wenyewe ulipokelewa siku 7 kabla ya barua, na mkutano mkuu ukaupigia kura 30 Septemba mwaka huo. Kabla ya hapo, Mwafrika aliyebatizwa hangeweza kubariki sakramenti wala kuongoza tawi, na wanawake wenye asili ya Afrika nao walizuiwa ibada kuu za hekaluni. Kanisa lisingeweza kusimama Kenya kwa miguu yake chini ya katazo hilo. Lilitambuliwa rasmi hapa 1991, na hekalu la Nairobi likawekwa wakfu Mei 2025.

Sasa uliza lile swali la mafundisho au sera. Mwaka 1949 Urais wa Kwanza wa wakati huo ulitoa taarifa iliyosema waziwazi kwamba katazo lile halikuwa suala la kutangaza sera. Lilikuwa amri ya moja kwa moja kutoka kwa Bwana. Taarifa hiyo haimo kwenye maandiko utakayopakua, na Tamko Rasmi 2 halikutajii. Ukisoma toleo la Kiingereza la 2013 utakuta aya ya utangulizi juu ya barua. Inasema baadhi ya wanaume weusi walitawazwa enzi za Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, kwamba baadaye viongozi waliacha kuwatawaza, na kwamba kumbukumbu za Kanisa hazionyeshi wazi desturi hiyo ilianzaje. Inanukuu pia 2 Nefi 26:33, kwamba wote ni sawa kwa Mungu, weusi kwa weupe, mstari uliokuwa umechapishwa tangu 1830. Mwaka huohuo wa 2013 Kanisa lilitoa makala iliyokana nadharia za zamani zilizotumiwa kulihalalisha katazo, kama ile ya kwamba weusi hawakuwa hodari katika maisha ya kabla ya kuzaliwa.

Aya hiyo ya utangulizi ndiyo njia ya haraka ya kujua umeshika toleo gani. Barua ikianza moja kwa moja bila maelezo juu yake, kitabu chako kinafuata mpangilio wa kabla ya 2013. Angalia hivyo kwenye nakala ya karatasi kabla ya kununua au kupokea ya mtumba, na kwenye simu linganisha Kiswahili na Kiingereza ulivyopakua.

Pima kesi hii kwa vifungu vile vitatu. Katazo lilitangazwa hadharani na Brigham Young, rais aliyemfuata Joseph Smith, 1852, lakini hakuna ufunuo ulioandikwa wa kulianzisha, na waumini hawakuwahi kupigia kura andiko la namna hiyo. Kuondolewa kwake kulifuata hatua zote. Bruce R. McConkie, mtume aliyekuwa amelitetea katazo kwa nguvu, aliwaambia walimu wa Kanisa Agosti 1978 wasahau yale yeye na wengine waliyosema kinyume, kwa sababu walisema wakiwa na uelewa mdogo. Hapo ufunuo na badiliko vinapatana kabisa. Kinachobaki kuwaumiza watu ni miaka zaidi ya 120 ambayo desturi isiyo na andiko ilivaa mamlaka ya andiko, na hilo kipimo kinalionyesha ila hakilitibu.

Ndoa za mitala ni kesi ngumu zaidi, na huku kwetu, ambako Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila ya wake zaidi ya mmoja, haiepukiki. Anza na Kitabu cha Mormoni, Yakobo 2:27–30: mke mmoja, isipokuwa Bwana mwenyewe aamuru vingine ili kujiinulia uzao. Nenda sehemu ya 132, iliyoandikwa 12 Julai 1843, inayoruhusu wake wengi. Malizia na Tamko Rasmi 1, ambalo Wilford Woodruff, rais wa Kanisa wakati huo, alilitoa Septemba 1890 na mkutano mkuu ukalikubali 6 Oktoba. Kichwa cha sehemu ya 132 kinakuelekeza kwenye Tamko hilo, na chini ya Tamko kuna dondoo za hotuba za Woodruff akieleza kwamba Bwana alimwonyesha yatakayotokea wasipoacha: mahekalu kuchukuliwa, viongozi kufungwa. Hazikuwa ndoto za mbali. Sheria ya Edmunds–Tucker ya 1887 ilikuwa imeruhusu serikali ya Marekani kutwaa mali za Kanisa, na Mahakama ya Juu ikaiunga mkono Mei 1890.

Msururu huo unasomeka vizuri kwenye simu, ukifungua kurasa 3 kwa pamoja. Usichokiona ni hiki: toleo la Mafundisho na Maagano la 1835, lililokubaliwa kwa kura huko Kirtland, Ohio, lilikuwa na sehemu iliyosema mume mmoja awe na mke mmoja. Liliendelea kuchapishwa hivyo hata baada ya ndoa za mitala kutangazwa hadharani 1852. Sehemu hiyo ilitolewa 1876, toleo lilelile lililoingiza 132. Kwa hiyo maandiko yenyewe yalisema moja, yakasema jingine, kisha utekelezaji ukarudi kwa la kwanza huku la pili likibaki kitabuni. Woodruff alisitisha ndoa mpya, hakufuta sehemu ya 132, na zikaendelea chinichini mpaka rais Joseph F. Smith alipotoa tangazo kali la pili Aprili 1904. Mume mwenye wake wawili huko Siaya akiomba ubatizo leo, hazungumzi na rais wa tawi akamaliza. Ubatizo wa aliyeishi ndoa ya mitala unahitaji idhini ya Urais wa Kwanza. Akiuliza mbona sehemu ya 132 bado imo, jibu la kweli ni kwamba fundisho la ndoa ya milele lililomo humo bado linafundishwa, na ruhusa ya wake wengi imesimamishwa kwa Tamko. Mwalimu anayemwambia kwamba hakuna kilichobadilika anamdanganya.

Sehemu ya 89, Neno la Hekima, inachekesha kidogo ukiisomea karibu na mashamba ya Kericho na Nandi Hills. Ilitolewa 27 Februari 1833, na mstari wa 2 unasema haikuja kama amri wala kwa kushurutisha. Mstari wa 9 unakataza vinywaji vya moto, ambavyo Hyrum Smith, kaka yake Joseph, alieleza 1842 kuwa ni chai na kahawa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920, chini ya rais Heber J. Grant, ushauri ulikuwa umegeuka sharti la kupata kibali cha hekaluni. Mistari haikuguswa, uzito wake ndio uliopanda. Uji wa moto na kakao havina shida, chai ya rangi na ya maziwa hazifai, na kuitia barafu hakuiokoi: mwongozo kwa vijana wa Agosti 2019 ulisema chai ya kijani na nyeusi zinatoka kwenye mmea uleule. Mstari wa 13 unapendelea nyama iliwe wakati wa baridi au njaa, lakini hakuna anayenyimwa kibali kwa ajili ya nyama choma ya Desemba. Na mstari wa 17 unataja shayiri na nafaka nyingine kwa vinywaji visivyo vikali. Mnywaji wa busaa aliyeusoma mstari huo ana hoja ya kimaandishi, ila mbele ya askofu hana lolote.

Maelezo haya yote hayapo kwenye ukurasa wa sehemu ya 89. Maelezo ya chini yanakupeleka kwenye mistari mingine ya maandiko, hayakupeleki kwenye historia ya namna mstari ulivyotumika. Msomaji mgeni atauona mstari wa 2, kisha asikie kwamba chai inamzuia hekaluni, na ukurasa huo haumpi daraja kati ya hayo mawili.

Kasoro mbaya zaidi iko kwenye kitabu cha maelekezo ya viongozi. Tangu Februari 2020 kinatolewa kidijitali, kila mtu anaweza kukisoma, na hurekebishwa mara kwa mara. Kukiweka wazi ni jambo la kusifiwa, maana zamani sehemu yake ilikuwa ya viongozi tu. Lakini maandishi mapya yanakaa juu ya ya zamani bila alama ndani ya aya. Novemba 2015 kitabu cha wakati huo kiliongezewa kanuni iliyozuia watoto wa wazazi walio katika ndoa ya jinsia moja kubatizwa hadi watimize miaka 18 na masharti mengine. Januari 2016 Russell M. Nelson, akiwa rais wa Mitume Kumi na Wawili, aliieleza kanuni hiyo kuwa mapenzi ya Bwana yaliyofunuliwa kwa Rais Thomas S. Monson. Aprili 2019, Nelson akiwa ndiye rais wa Kanisa, iliondolewa. Ukifungua kitabu leo hukuti kanuni, hukuti kufutwa kwake. Haikuwahi kuletwa kwa waumini wapige kura, kwa hiyo kwa vifungu vile vitatu haikufikia ngazi ya andiko; hata hivyo iliitwa ufunuo, na waliotii au kuondoka kwa sababu yake hawakuwa na njia ya kuitofautisha na Tamko Rasmi.

Kuna jingine ambalo huwezi kulijua ukisoma maandiko yaliyomo kwenye programu tu. Toleo la 1835 lilianza na mihadhara 7 kuhusu imani, na hiyo ndiyo iliyokuwa fungu la kwanza la kitabu, yaani mafundisho yenyewe. Mafunuo yalikuwa fungu la pili. Mhadhara wa 5 ulimweleza Mungu Baba kuwa nafsi ya roho. Sehemu ya 130:22, maneno ya Joseph Smith ya Aprili 1843, inasema Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Mihadhara iliondolewa 1921, na waumini hawakuulizwa kwa kura. Linganisha na sehemu za 137 na 138, zilizopigiwa kura Aprili 1976 kabla ya kuingia. Kuongeza kunahitaji mikono juu, kuondoa kulifanyika kimyakimya. Huo ndio udhaifu halisi wa utaratibu huu, na unastahili kuulizwa kuliko maswali mengi yanayoulizwa barabarani na wahubiri wa spika.

Njia za kuziba mapengo zipo, ila ziko nje ya kurasa za maandiko yenyewe. Tovuti ya Joseph Smith Papers, inayoendeshwa na Kanisa lenyewe, ina picha za hati na za matoleo ya kwanza. Ni ya Kiingereza na picha zake ni nzito, kwa hiyo zifungue kwenye Wi-Fi ya saiba. Linganisha hapo sehemu ya 5:4. Katika Kitabu cha Amri cha 1833, mkusanyo wa mafunuo uliotangulia Mafundisho na Maagano, ambacho uchapaji wake ulikatizwa na kundi la wahuni waliovunja kiwanda cha kuchapia huko Independence, Missouri, Joseph Smith anaambiwa asidai kipawa kingine zaidi ya kutafsiri. Katika toleo la 1835 kizuizi hicho kimewekewa mwisho: mpaka kazi hiyo imalizike. Ndivyo ufunuo uliokwisha kuandikwa ulivyohaririwa na aliyeupokea, miaka michache baadaye. Sehemu ya 27 nayo ilirefushwa vivyo hivyo.

Kwa kitabu cha maelekezo, piga picha ya skrini ya aya unayoitegemea na uandike tarehe. Ni kazi ya kuchosha, lakini karani wa tawi anayejibu swali la mwaka juzi hana njia nyingine. Kwenye kutafuta, usiandike neno moja ukaridhika: jaribu “ufunuo”, “kufunua” na “imefunuliwa” moja moja, na kwa ndoa jaribu “mitala” na “wake wengi”. Nakala ya karatasi ya zamani usiitupe. Kichwa cha sehemu kilichochapishwa humo hakitajirekebisha usiku.

Alama: nyota 5 kwa bei na kusoma bila mtandao, 4 kwa kuandika maelezo, 2 kwa mtu anayefuatilia mabadiliko. Nyota 2 hizo zinatokana na utangulizi wa Matamko Rasmi na dondoo za Woodruff, ambazo ni za ukweli kuliko watu wanavyotarajia. Ya tatu ingepatikana kirahisi. Watengenezaji waweke kitufe kimoja juu ya kila sehemu, kikionyesha ilichapishwa lini kwa mara ya kwanza, maneno gani yaliongezwa au kutolewa, na tarehe ambayo waumini waliinua mkono, kama waliinua.